Nani huipima maabara inayompima mwanao?

Mtoto ana homa tangu usiku. Asubuhi anapelekwa zahanati, anachomwa kidole, jibu linatoka: hana malaria. Jioni homa bado iko juu, bibi yake hana amani, na mtoto anapelekwa maabara ya binafsi karibu na stendi. Huko karatasi inarudi imeandikwa "malaria mbili". Wazazi wa Kyela, kuanzia mjini hadi Ipinda, Ngonga na Matema, wanaijua hali hii, na mjadala unaofuata nyumbani huwa ni ule ule: nani mkweli?

Mara nyingi anayeaminiwa ni yule aliyesema mtoto anaumwa, kwa sababu huyo ndiye anayempa mzazi dawa ya kwenda nayo nyumbani. Swali lenye maana zaidi huwa haliulizwi kabisa. Kati ya maabara hizo mbili, ni ipi ambayo hivi karibuni ilipewa sampuli ambayo jibu lake tayari linajulikana na mtu mwingine, ikaipima, ikajibu, kisha ikasahihishwa?

Utaratibu huo upo, na upo Tanzania. Unaitwa uhakiki wa nje wa ubora wa vipimo. Watu wa maabara wenyewe huuita EQA. Mzazi hauoni kwa sababu hufanyika nyuma ya dirisha la kuchukulia majibu, lakini una sauti kubwa katika kuamua kama jibu la mwanawe ni la kuaminika.

Mtihani wenye namba, si jina

Aliyepita kidato cha nne ataelewa haraka. Mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi wake alama 90 darasani mwaka mzima. Mtihani wa taifa haujali hilo. Maswali yametungwa kwingine, yamefika yamefungwa, mtahiniwa anaandika namba badala ya jina, na anayesahihisha hamjui.

Maabara nayo ina mazoezi yake ya darasani. Kila asubuhi, kabla ya kupokea wagonjwa, mtaalamu anatakiwa kupima sampuli za majaribio anazojua majibu yake, ahakikishe mashine na vitendanishi viko sawa siku hiyo. Huo ni udhibiti wa ndani. Ni wa lazima, lakini una udhaifu wa kujisahihisha mwenyewe. Mashine ikipotoka kidogo kidogo kwa miezi, au mtaalamu akiwa amejifunza kosa tangu chuoni, ndani ya chumba hicho hakuna wa kushtuka.

Hapo ndipo mtu wa nje anapohitajika. Taasisi inayoendesha mpango hutayarisha sampuli nyingi zinazofanana. Kufanana huku si jambo dogo: chupa ya kwanza na ya mia lazima ziwe na kitu kile kile kwa kiwango kile kile, na zibaki hivyo hadi zifike. Kwa hiyo hupimwa kwanza na watayarishaji, hupewa namba za siri, kisha husambazwa. Maabara inapozipokea inatakiwa izipime kama inavyopima damu ya mgonjwa yeyote, kwa mashine ile ile na mtu yule yule aliye zamu, na irudishe majibu kabla ya tarehe iliyopangwa. Baada ya wiki kadhaa ripoti hurudi.

Kwa vipimo vya "kipo" au "hakipo", kama VVU, usahihishaji ni rahisi. Kwa vipimo vya namba, kama sukari au wingi wa damu, kuna hesabu kidogo. Tuseme wastani wa maabara zote zinazotumia aina moja ya mashine ni 10.0, na kwa kawaida majibu yao hutawanyika kwa 0.4 juu au chini. Hiyo 0.4 ndiyo hatua moja. Maabara iliyopata 10.5 iko hatua moja na kidogo kutoka katikati, haina tatizo. Iliyo kati ya hatua mbili na tatu hupewa onyo. Iliyopata 11.4 imepita hatua tatu, hiyo imefeli.

Tofauti ya 1.4 inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi. Sasa iweke kwa mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito aliye katika miezi ya mwisho ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Mwenye 9.8 akipimwa kwenye mashine inayoongeza 1.4 ataambiwa ana 11.2. Atapongezwa, atarudi nyumbani, na atafika chumba cha kujifungulia akiwa na damu pungufu ambayo hakuna aliyeiona. Kila mama aliyepita kwenye mashine hiyo kwa miezi hiyo ameambiwa vivyo hivyo, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kugundua.

Maabara ikifeli, kinachotakiwa kwanza ni kutafuta chanzo. Kitendanishi kimepita muda? Kimehifadhiwa kwenye joto? Mashine haijafanyiwa matengenezo? Mara nyingine chanzo ni cha aibu zaidi: vipimo vilikuwa sahihi, ila jibu la sampuli ya tatu liliandikwa kwenye mstari wa nne. Wapo wanaoona kosa la namna hiyo ni dogo kwa sababu si la kitaalamu. Si dogo. Mkono uliobadilisha mistari ya sampuli mbili za mtihani unaweza kubadilisha majibu ya watoto wawili waliokaa benchi moja.

Wazo hili si geni. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Marekani, Belk na Sunderman, walichapisha matokeo ya sampuli zilizopelekwa kwa maabara 59 za hospitali, nyingi za jimbo la Pennsylvania, kupima vitu vya kawaida kama sukari na wingi wa damu. Majibu yalitofautiana kiasi cha kuwashtua wenyewe. Maabara hizo hazikuwa za vichochoroni.

"Malaria mbili" maana yake nini

Kuna vipimo ambavyo huwezi kuvikagua kwa kutuma chupa peke yake, kwa sababu jibu limo kwenye jicho la anayetazama darubini. Kwa hivyo hutumika njia ya pili: kusoma upya slaidi zilizokwisha kusomwa.

Kifua kikuu ndicho kinachojulikana zaidi kwa hili. Slaidi za makohozi hazitupwi baada ya majibu kutolewa. Hupangwa kwenye sanduku kwa kufuata namba za rejesta. Kila baada ya kipindi fulani msimamizi huchukua baadhi, na anayechagua si maabara yenyewe. Mtaalamu mwingine huzisoma bila kuambiwa jibu la kwanza lilikuwa nini. Wakitofautiana, slaidi huenda kwa msomaji wa tatu ambaye ndiye wa mwisho. Kando ya ziwa njia hii ina adui wake: joto na unyevu hufanya rangi ya slaidi ififie. Slaidi iliyokuwa na vimelea vya wazi mwezi Februari inaweza kuonekana tupu ikisomwa miezi baadaye, na mtaalamu aliyesema kweli akaonekana amekosea. Ndiyo maana kabla ya kumlaumu mtu, slaidi hupakwa rangi upya na kutazamwa tena.

Malaria nayo husomwa upya kwa namna inayofanana. Hapa inafaa kueleza maneno yanayowasumbua wazazi. Msomaji wa slaidi huhesabu vimelea akilinganisha na chembe nyeupe za damu, kwa kawaida 200. "Malaria mbili" ni vimelea viwili vilivyoonekana katika hesabu hiyo. Si malaria ya aina mbili. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna kimelea, msomaji anatakiwa kutazama maeneo yasiyopungua 100 ya slaidi. Ni kazi ya dakika nyingi, na foleni iko nje.

Je, macho hayo hukosea kiasi gani? Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa kama wana malaria kali. Slaidi zao ziliposomwa upya kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea walikuwa 2,062. Waliobaki, 2,412, hawakuwa navyo. Walikuwa na kitu kingine, na kitu hicho hakikusubiri: kati ya hao wasio na vimelea walikufa 292, yaani 12 katika kila 100. Kati ya wenye malaria kweli walikufa 142, yaani kama saba katika kila 100.

Namba hizo zinastahili kusomwa mara mbili na kila mzazi anayepata nafuu moyoni akisikia "ni malaria tu". Jibu la uongo la "anayo" linaweza kumuua mtoto sawa na jibu la uongo la "hana", kwa sababu nimonia au maambukizi ya damu yanaendelea huku anameza dawa ya malaria. Utafiti mwingine, uliofanywa katika vituo 12 vya Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta slaidi zaidi ya nusu zikisomwa vituoni kuwa zina malaria. Wasomaji mabingwa walipozirudia walikuta vimelea katika takriban mbili kati ya kila 100.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na mistari miwili, kimefika hadi zahanati, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010 linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini nacho kina tabia zake. Aina inayotumika sana hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtoto kupona. Mtoto aliyetibiwa mwanzoni mwa mwezi anaweza kuonyesha mistari miwili mwishoni mwa mwezi huo huo, huku slaidi ikisema hana, na maabara zote mbili zikawa sahihi. Vivyo hivyo, vimelea vichache vya asubuhi vinaweza kuongezeka na kuonekana siku inayofuata. Majibu kutofautiana peke yake si ushahidi kwamba kuna mwongo.

Kutoka Uyole kushuka ziwani

Kifurushi kinachotoka Dar es Salaam kwenda Kyela kikifika Uyole huacha barabara kuu, kinapita kwenye baridi ya Tukuyu, kisha kinateremka hadi kwenye tambarare ya mpunga na kakao, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya saa chache kimetoka kwenye sweta kwenda kwenye jasho. Kwa shati la mtumba hilo si tatizo. Kwa sampuli ya damu ni tatizo kubwa, kwa kuwa sampuli iliyoharibika njiani itaifelisha maabara isiyo na kosa.

Kwa upande wa VVU ufumbuzi uliopatikana ni mzuri kwa urahisi wake. Wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walibuni sampuli zilizokaushwa ndani ya mirija midogo. Huwekwa mikrolita 20 za majimaji ya damu, ambayo ni pungufu ya tone moja, huchanganywa na rangi kidogo ya kijani na kuachwa zikauke usiku kucha. Rangi haina kazi nyingine ila kumsaidia mpokeaji aone kwamba kuna kitu chini ya mrija. Sampuli ikishakauka, haihitaji barafu njiani. Inapofika, mhudumu huongeza majimaji maalumu, husubiri iyeyuke, kisha huipima kama damu ya mteja. Sampuli za namna hii zinaweza kufika hata kwa mhudumu wa chumba cha ushauri nasaha ambaye hana maabara, na hilo ni muhimu, kwa kuwa wanawake wengi hupimwa VVU kliniki ya wajawazito na si maabara.

Tanzania Bara, kazi ya kuratibu uhakiki wa aina hii imekuwa chini ya maabara ya taifa ya uhakiki wa ubora na mafunzo jijini Dar es Salaam, ambayo sasa inajulikana kama Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii. Kulikuwa pia na mpango wa Afrika Mashariki ulioziunganisha wizara za afya za Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar pamoja na shirika la Amref. Huo ulilenga vituo vidogo vya pembezoni, ambavyo mipango mingi ya kimataifa huvisahau. Kilichoutofautisha ni kwamba haukuishia kwa mtu wa maabara: kifurushi kilikuwa na kazi kwa tabibu pia, kuona angefanya nini na jibu hilo. Lilikuwa wazo zuri, maana jibu sahihi likifika kwa tabibu ambaye ameshaamua kutoa dawa ya malaria hata hivyo, gharama yote ya kupima imepotea.

Joto lile lile linaloharibu sampuli huharibu vipimo vyenyewe. Pakiti za vipimo vya haraka huandikwa kiwango cha joto cha kuhifadhia, nyingi nyuzi 30 au 40. Chumba chenye bati lisilo na dari, mchana wa Novemba huko Ngonga, hakisomi maandishi hayo. Vijiji vya Wakisi vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, ng'ambo ya Matema, baadhi hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu, na msimamizi anayetakiwa kukagua kituo cha huko anahitaji ziwa liwe tulivu siku hiyo. Hii ndiyo sababu njia ya tatu ya uhakiki, yaani msimamizi kufika mwenyewe, kufungua kabati, kusoma rejesta na kumtazama mhudumu akipima, huwa ya kwanza kukatwa fedha zikipungua. Ni vibaya, kwa sababu kabati lenye joto halionekani kwenye karatasi ya matokeo iliyotumwa Dar es Salaam.

Mtihani unaojulikana unakuja

Uhakiki huu una mianya, na wanaoufanyia kazi wanaijua. Sampuli ya mtihani hutambulika. Maabara inaweza kumpa mtu wake hodari, akairudia mara tatu, akapiga simu kwa rafiki wa hospitali nyingine kuuliza amepata nini. Damu ya mtoto wa Ipinda haitapata heshima hiyo. Kanuni zinakataza, lakini kanuni hazikai chumbani. Ndiyo maana wataalamu wengi huona usomaji upya wa slaidi una ukweli zaidi, maana siku slaidi hiyo iliposomwa hakuna aliyejua kwamba itachaguliwa.

Pia mtihani huanza sampuli ikiwa tayari imo kwenye chupa. Hauoni mtoto alichomwaje, chupa iliandikwa jina la nani, wala damu ilikaa juani muda gani. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba makosa mengi ya maabara hutokea kabla ya sampuli kufika kwenye mashine.

Na maabara inaweza kufaulu kufanya vizuri kipimo ambacho chenyewe ni dhaifu. Kile cha taifodi cha kuchanganya damu na dawa kwenye kigae, maarufu kwa jina la Widal, ni mfano. Kwenye maeneo ambako watu wengi wamewahi kukutana na vimelea hivyo, kipimo kimoja cha namna hiyo hakithibitishi taifodi, hata kikifanywa na mtaalamu bora nchini. Mtoto anayeambiwa kila mwezi kuwa ana "taifodi na UTI" anahitaji tabibu wa kumchunguza upya kuliko dozi nyingine.

Mzazi hawezi kudai ripoti ya uhakiki kwa nguvu, lakini anaweza kuuliza kwa adabu: "Dokta, maabara hii hupokea sampuli za uhakiki kutoka nje? Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Mhudumu ambaye kituo chake kinashiriki hujibu bila kusita, na wengine hufurahi kuulizwa kwa sababu kazi yao haionekani. Maabara binafsi zinatakiwa kusajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na wataalamu wake husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Cheti hicho hukaa ukutani. Karatasi ya majibu iwe na jina kamili la mtoto, umri, tarehe, aina ya kipimo kilichotumika na, kama ni namba, kipimio chake. "Damu: 9" haitoshi. Tisa ya nini?

Karatasi ya asubuhi isitupwe kwa sababu ya jioni imesema tofauti. Tabibu akiziona zote mbili, akajua ipi ilikuwa slaidi na ipi kipimo cha haraka, na lini mtoto alitumia dawa ya malaria mara ya mwisho, anaweza kuamua kama apime tena au atafute chanzo kingine cha homa. Ila kwa mtoto aliyepata degedege, anayetapika kila anachopewa, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au aliyelegea na haamki vizuri, mjadala wa maabara ipi ni kweli uachwe. Huyo anapelekwa kituo cha afya au hospitali usiku huo huo, karatasi zake zote zikiwa mfukoni mwa anayempeleka.